Yamaha A-S3200 au Hegel H390 kwa spika za KEF R3? Naomba mawazo kabla hela haijatoka

Mbezi_Santuri

Wakuu habari za jioni, poleni na majukumu. Naomba wenye uzoefu na hizi amplifaya za daraja la juu wanieleweshe, maana nimesoma mpaka kichwa kinauma na kila mtu anavutia kwake.

Hali yangu iko hivi, sebule ni mita 5 kwa 4 na nusu, chini marumaru, juu jipsamu, upande mmoja wote madirisha ya aluminiamu. Spika ninazo KEF R3, zile za kukaa kwenye stendi. Kwenye vyanzo kuna playa ya santuri yenye sindano ya MM (ile ya sumaku) na kadude ka kustrimu muziki kutoka kwenye simu. Santuri nimeachiwa na marehemu mzee, nyingi ni taarab ya zamani na dansi la miaka ya 70, chache ni rumba kutoka Kongo. Kwa sasa vyote vinapita kwenye risiva ya zamani ya sinema ya nyumbani ambayo haina hata tundu la PHONO, lile la kuchomeka playa ya santuri, nimeweka kiboksi pembeni, na nikipandisha sauti fidla zinaanza kukata masikio, ikichangamka zaidi inajizima yenyewe mpaka ipoe ndio iwake tena.

Sasa nimejichanga nataka kununua kitu kimoja nikae nacho mpaka wajukuu. Nimebakiza mbili kichwani, Yamaha A-S3200 na Hegel H390. Binamu yangu yupo Dubai anakuja likizo anaweza kunibebea. Pia kuna jamaa yangu anaagiza magari Japani anasema hiyo hiyo Yamaha iliyotumika kule ni bei chee ukilinganisha na mpya na inakuja ndani ya kontena na vitu vingine.

Je sauti zinatofautiana kweli au ni maneno ya wauzaji? Wati 100 za Yamaha zitatosha au niende 250 za Hegel? Na hiyo ya Japani ina tatizo gani, maana bei inanishawishi kweli kweli.

Tofali_Moja

Mkuu hiyo hela si unapata kiwanja Chanika na chenji ya tofali hahahaha

Mbezi_Santuri

Kiwanja ninacho mkuu, amplifaya ndio sina.

Mzee_Gramafoni

Mwanangu Mbezi, nianze na wati maana hapo ndipo watu wengi wanapigwa. Kwanza futa kichwani zile namba za kwenye maboksi ya sabufa, wati elfu kumi na mbili PMPO halafu waya wake wa umeme mwembamba kama kamba ya kiatu. Hizi unazozitaja wewe ni wati za kweli. Yamaha anaandika 100 kwa kila upande kwenye spika ya omu 8 na 150 kwenye omu 4 (omu ni upinzani wa spika kwa umeme). Hegel anaandika 250 kwenye omu 8. Ukisikia 250 unaona ni sauti mara mbili na nusu, hapana, sikio haliendi hivyo. Ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli 3 tu, na ili mtu wa kawaida aseme sauti imekuwa mara mbili unahitaji kama desibeli 10, yaani wati mara kumi. Toka 100 mpaka 250 ni desibeli 4. Utazisikia ndiyo lakini sio kitu cha kuuzia ng'ombe.

Sasa chukua R3 zako. KEF wanasema desibeli 87 kwa mita 1, kipimo cha wati moja kwa omu 8. Ukikaa mita 3, ukatoa umbali, ukajumlisha spika ya pili na kuta zinazorudisha sauti, pale ulipokaa wati moja inakupa kama 84. Kusikiliza kwa raha bila shemeji kulalamika ni 75 mpaka 80. Kwa hiyo muda mwingi unatumia chini ya nusu wati mwanangu. Hizo nyingine zote umezilipia kwa ajili ya vishindo, ngoma inapogongwa ghafla, tarumbeta zinapoingia tatu kwa pamoja, hapo muziki unaruka desibeli 15 mpaka 20 kwa kufumba na kufumbua, na amplifaya isiyo na akiba inakata vichwa vya mawimbi, ndio ule ukali unaousikia kwenye fidla. Kufika desibeli 100 pale kwenye kochi unahitaji kama wati 40. Yamaha anazo na nyingine zinabaki.

Ila R3 wana jambo lao. Wameandika omu 8 lakini ukisoma maandishi madogo inashuka mpaka 3.2. Hapo ndipo nadhani risiva yako inapokata roho. Risiva za namna hiyo zina transfoma moja inalisha chaneli tano mpaka saba, spika ikishuka kwenye omu 3 inadai mkondo wa umeme ambao haupo, joto linapanda, ulinzi unazima. Kwa hiyo unapochagua angalia namba ya omu 4, sio ya 8. Yamaha kupanda toka 100 mpaka 150 inakuonyesha kwamba haizidishi mara mbili lakini pia hailegei. Hegel wanajisifu kwamba yao inashikilia mpaka omu 2, na kwa R3 huna haja ya kufika huko.

Kuhusu vikorombwezo, hapa ndipo mimi ningeamulia. Yamaha ina vifundo vya besi na trebo, na wamefanya jambo la akili, ukiviweka katikati saketi yake inatoka kabisa kwenye njia ya muziki. Wapenzi wa siku hizi wanavidharau hivi vifundo, wanasema muziki uachwe kama ulivyorekodiwa. Sawa, lakini wao wanasikiliza rekodi za studio za juzi. Wewe una taarab iliyorekodiwa kwa maikrofoni moja katikati ya chumba, besi hakuna, fidla imesogea mbele kuliko mwimbaji. Ukishusha trebo kidogo na kupandisha besi robo mzunguko, udi unapata tumbo na sauti ya mama inarudi katikati. Kwenye Hegel hakuna kifundo hicho, hata ukikitafuta na tochi. Na kama kwenye urithi huo kuna zile santuri nzito za mwendo wa 78 ndio kabisa, zile zilikatwa kabla ya kanuni moja ya urekebishaji sauti kukubalika miaka ya 50, kila kampuni ilikuwa na yake, na sindano yake ni nene sio hiyo ya 33.

PHONO pia Yamaha inayo ndani, ya MM na ya MC (sindano ya koili), siku ukibadilisha sindano hununui kiboksi kingine. MM inatoa kama milivolti 5, MC nyingi hazifiki hata moja, kwa hiyo mlango wa kuzipokea lazima uwe mtulivu sana la sivyo unasikia upepo kuliko ala yenyewe ya kanuni. Hegel haina PHONO kabisa.

Ile mishale miwili inayocheza mbele, nikuambie ukweli, ni mapambo. Kuna swichi ya kuchagua kama ionyeshe wastani au vilele au uzime, na ukisikiliza kwa sauti ya usiku haiinuki sana. Lakini mimi ningeiacha inawaka. Usoni wa alumini na mbao pembeni, kifundo cha voliumu kinazunguka kwa uzito, haya mambo hayaongezi sauti ila utayagusa kila siku.

Yakhe_Muscat

Salaam aleikum. Mie nnayo H390 huku Muscat na jirani yangu mmoja ana hiyo A-S3200, kwa hiyo nakwambia nlichokisikia kwa masikio yangu. Tulizikutanisha kwangu siku ya Ijumaa baada ya chakula. Kwanza kila mtu akasikiliza vivi hivi, na wote tukasema Hegel ndo bora, besi imekaza, sauti imesimama, na mie nikajisifu wee. Kisha mwenye Yamaha, ni muhandisi yule, akatoa mita yake akapiga toni ya Hz 100 akapima volti kwenye matundu ya spika. Kumbe yangu ilikuwa juu ya yake kwa zaidi ya desibeli moja. Sikio likisikia kilicho juu kidogo halisemi "hii iko juu", linasema "hii nzuri". Tukasawazisha volti zikawa sawa sawa, tukafunika zote mbili kwa kanga, mtu mmoja akawa anabadilisha waya na hatwambii ipi ipi. Basi hapo ndo ikaanza kubahatisha, mara unapata mara unakosa, na mke wangu alokuwa akipita na chai alipata zaidi kuliko mie.

Sisemi zote ni kitu kimoja. Kwenye spika ngumu kuendesha Hegel ingejitenga, nguvu inayo kweli. Na ule mfumo wao wanaouita SoundEngine, wa kufuta makosa ya sauti hatua kwa hatua bila kuirudisha sauti yote ya mwisho nyuma mwanzoni, una kazi yake. Kimya cha Hegel pia kinanipendeza, weka sikio kwenye twita voliumu ikiwa juu bila muziki, husikii hata pumzi. Lakini mtu akikwambia tofauti ya usiku na mchana, muulize kama alipima volti.

Niloipendea H390 ni kwamba kila kitu kimo ndani, DAC ya kugeuza muziki wa kidijitali uwe sauti, mtandao, AirPlay, napiga kutoka kwenye simu wala sina maboksi mengine. Sura yake kavu, vifundo viwili na kioo katikati basi, hata swichi ya kuwashia wameificha chini ya kidevu, mgeni hajui pa kubonyeza. Santuri mie sina kwa hiyo PHONO sijaitamani.

Dada_wa_Tanga

Kaka Mbezi samahani nitakuwa tofauti na wengine. Yamaha hiyo ilipotoka 2020 kwa bei ya Marekani ilikuwa kama dola 7,500, Hegel dola 6,000 hivi. R3 zako pea nzima zilitoka kwa dola 2,000. Unaweka amplifaya ya mara tatu ya spika kwenye chumba cha marumaru na kioo!! Mimi naona umeanzia mwisho.

Fanya hivi leo usiku bila gharama yoyote, simama katikati ya sebule piga kofi moja. Ukisikia mlio wa kama bati, tiiiing, unakimbia kati ya ukuta na ukuta, hiyo ndiyo inayokukata masikio kwenye fidla, na utahama nayo kwenye Yamaha na kwenye Hegel na hata ukileta mashine ya dola elfu ishirini. Zulia zito kati yako na spika, mapazia ya kitambaa kinene mpaka chini sio zile neti, kabati la vitabu au rafu za hizo santuri zenyewe kwenye ukuta wa nyuma yako. Spika zitoe ukutani angalau nusu mita, besi inayovuma itapungua. Tena kama stendi ziko kwenye kona usiku wako wote unasikiliza kona.

Baada ya hapo kama bado una kiu, kuna amplifaya za theluthi ya bei hiyo zinaendesha R3 bila jasho, hela inayobaki unapanda daraja la spika. Tofauti ya spika na spika unaisikia hata ukiwa jikoni unakaanga.

Na kuhusu hivyo vya mtandao ndani ya Hegel, angalieni pia vinavyozeeka haraka. H390 ilitangazwa kuwa inapiga MQA, ule mfumo wa kufungasha muziki wa kustrimu, kampuni ya MQA ikaingia kwenye ufilisi 2023 ikanunuliwa na wengine, na Tidal, huduma ya kustrimu muziki, waliokuwa ndio wateja wake wakubwa wakaiacha 2024. Muziki unapiga bado, sikatai, ila kitu ulicholipia kama sifa kimebaki maandishi tu kwenye boksi. Yamaha haina hata DAC, watu wanailaumu kwa hilo, mimi naona ndio itakayoishi. Kadude ka kustrimu unabadilisha kila kikizeeka kwa bei ya kawaida, amplifaya inabaki palepale.

Mzee_Gramafoni

Binti wa Tanga nakubaliana nawe kwenye zulia, sikubaliani kwenye kushuka daraja. Mtu amesema anataka kukaa nacho mpaka wajukuu. Transfoma ile ya mviringo, mashine nzima kilo 24.7, sio kitu cha kuzeeka. Spika atabadilisha mwakani akitaka.

Fundi_Koili

Wadau mmeongea sauti sana mkasahau umeme. Mimi kazi yangu ni kufungua hivi vitu baada ya kuungua kwa hiyo nisikilizeni kidogo.

Bosi Mbezi, ya Japani. Umeme wa Japani ni volti 100. Sio 110 wala 120, ni 100. Wetu ni 230. Ukiichomeka moja kwa moja ni sekunde moja umemaliza. Watu wananunua stepudauni mtaani wanadhani wamepona, sasa angalia hesabu, stepudauni nyingi zinazouzwa hapa zinatoa 110. Tayari umezidisha asilimia 10. Usiku wa manane watu wamelala umeme wa mtaa unapanda unafika 250, hapo stepudauni inatoa kama 120 kwenye mashine ya 100. Kapasita kubwa za ndani zimewekewa kikomo chake cha volti, zinaanza kuvimba polepole, huoni kitu leo, unaona baada ya miaka. Kwa hiyo kama lazima ya Japani, tafuta stepudauni inayotoa 100 kamili, VA 1000 kwenda juu, na iwe ya koili mbili zilizotengana sio ile ya koili moja, halafu iweke mbali na playa ya santuri maana sindano inavuta mvumo wa transfoma yoyote iliyo karibu. Hezi sio tatizo, Japani nusu ya nchi inatumia 50 na nusu 60, mashine zao zinakubali zote.

Na usije ukaambiwa "fundi atabadilisha waya ndani iwe 230". Kwenye mashine za zamani kulikuwa na hiyo nafasi nyingi. Hizi mpya transfoma ya 100 ni ya 100, kubadilisha ni kununua transfoma nyingine, kama utauziwa. Accuphase, kampuni nyingine ya Japani ya amplifaya, nao ni hivyo hivyo, kila mashine inatengenezwa kwa volti ya nchi inayokwenda.

Ya Dubai haina maneno, volti zao ni kama zetu na plagi ni ile ile ya miguu mitatu bapa. Ila kilo 24.7 ni bila boksi, binamu apime likiwa limefungwa maana mashirika mengi ya ndege begi moja mwisho ni kilo 32, na asije akaitoa kwenye boksi lake aizungushie taulo kwenye sanduku. Transfoma nzito ikidondoka kwa kona inakunja chasisi. TRA uliza mapema ushuru wake, usisubiri ufike uwanjani.

Sasa nyumbani. Weka friji gadi nzuri au stablaiza kabla ya mashine, sio kwa ajili ya sauti, ni kwa ajili ya ule umeme unaorudi baada ya kukatika na kishindo. Kama una inveta ya sola hakikisha ni ya wimbi safi, zile za bei rahisi za wimbi la mraba zinafanya transfoma ya mviringo inguruma mpaka unaisikia toka mlangoni, na inapata moto bure. Ikinguruma hata kwenye umeme wa kawaida kwa nyakati fulani fulani, mara nyingi kuna kitu kwenye laini kinavuta umeme upande mmoja tu wa wimbi, angalia mashine za kukaushia nywele na mahita ya bei chee, zima kimoja kimoja utamjua mwizi.

Jambo la pili ni mijusi. Nacheka lakini ndio ukweli. Amplifaya za aina hii zina matundu juu na chini, ndani kuna joto zuri, mjusi anaingia analala juu ya hitisinki. Akipita kati ya mguu wa transista na chasisi anaunganisha. Kuna moja ililetwa kwangu ina mjusi amekauka ameshika pini mbili kwa mikono miwili, mkia uko kwenye risista, ubao umeungua duara jeusi kama shilingi, na mwenyewe anasema ilijizima tu. Usifunike kwa kitambaa, itakufa kwa joto. Chukua neti ya chuma ya madirisha, kata vipande, weka chini ya rafu na nyuma, sio juu ya matundu moja kwa moja. Acha nafasi ya kiganja na zaidi juu yake, usiiweke kwenye kabati lililofungwa. Na kwa sababu upo Mbezi karibu na bahari, zile pini za RCA na matundu ya spika zitashika kutu ya kijani, zichomoe uzifute kwa spiriti mara moja moja, usisubiri upande mmoja uanze kukwaruza.

Mpenda_Valvu

Mimi ningekushauri klasi A kabisa, zile ambazo transista zake zinavuta umeme muda wote, Accuphase E-800 au Luxman, ukisikia sauti ile hutorudi tena, wati 50 za klasi A ni tamu kuliko 250 za wengine

Fundi_Koili

Bosi klasi A Dar es Salaam? Klasi A safi kwa nadharia haizidi nusu kwa ufanisi, yaani wati 50 mara mbili inavuta si chini ya 200 muda wote hata ukiwa umeweka pozi unaongea na simu. Hiyo yote inageuka joto sebuleni. Mwezi wa pili na feni inazunguka hewa ya moto, utawasha na AC, kimya chako chote kimeliwa na AC. Ulaya wakati wa baridi sawa.

Mpenda_Valvu

Sawa lakini Accuphase wana kitufe cha mono, kwa santuri za zamani za mono kinapunguza mikwaruzo sana. Hicho Yamaha wangekiweka wangekuwa wamemaliza kazi.

Mzee_Gramafoni

Hilo ni kweli kabisa, na ni la msingi kwa mtu wa santuri. Mbezi dawa yake kwa Yamaha ni waya wa RCA wa kuunganisha kulia na kushoto pale kwenye playa, au sindano ya mono yenyewe.

Waya_wa_Fedha

Msisahau waya jamani. Hegel ina dampingi (namba ya jinsi amplifaya inavyoidhibiti spika) zaidi ya 4000, ukiiwekea waya wa kawaida unaiua. Weka waya wa fedha wa maana kuanzia dola 800 utasikia pazia linafunguka.

Yakhe_Muscat

Yakhe hebu tufanye hesabu kabla hatujamtia mwenzetu gharama. Dampingi 4000 maana yake amplifaya ina upinzani wa omu 0.002 kwa spika ya 8. Waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba, mita 3 kwenda na 3 kurudi, una omu kama 0.042. Basi hapo peke yake dampingi imeshuka chini ya 200, na koili zilizo ndani ya spika yenyewe zinaishusha zaidi. Ukitaka kupunguza, nunua shaba ya milimita 4 dukani kwa mafundi umeme, au sogeza amplifaya karibu na spika. Fedha inapitisha umeme kuliko shaba kwa asilimia chache tu. Hilo pazia silioni.

Waya_wa_Fedha

Kila mtu na masikio yake

Mbezi_Santuri

Mzee Gramafoni shikamoo, na wote nawashukuru sana, sikutegemea majibu ya namna hii. Dada wa Tanga nimepiga kofi, aisee ni kweli kuna tiiiing, mtoto akadhani namwita. Nimeshaongea na mama watoto kuhusu mapazia, hapo amekubali haraka kuliko amplifaya hahaha. Nimetoa spika ukutani na nimetandika zulia la chumbani kwa majaribio, ukali umepungua hata kwa hii risiva, ila ikichangamka bado inajizima kwa hiyo nadhani lile la omu 3 nalo lipo.

Ya Japani nimeachana nayo. Naelekea kwa Yamaha kupitia Dubai, kwa sababu ya PHONO na vile vifundo vya besi na trebo, na kadude ka kustrimu ninako tayari. Swali la mwisho, nina sabufa ndogo nzuri yenye matundu ya RCA na pia ya waya za spika. Muuzaji aliniambia niiunge kwa waya za spika kutoka nyuma ya amplifaya, sauti inakuwa bora. Kwenye A-S3200 inawezekana?

Fundi_Koili

Bosi hapo simama kabisa. Hiyo Yamaha wanaita floating and balanced, maana yake saketi ya mwisho imetenganishwa na grundi, na nyuma pale minus ya spika sio grundi, ina sauti yake kama plus. Ukichukua waya wa sabufa wenye minus iliyogusa grundi ya sabufa ukaubana kwenye minus ya Yamaha, unashorti upande mmoja wa amplifaya. Ikibahatika ulinzi utakata, isipobahatika nitakuona gereji kwangu. Vile vile zile swichi za kuchagua spika A na B za madukani ambazo ndani zimeunganisha minus zote pamoja, usizitumie. Na fundi yeyote atakayekuja na osiloskopu mwambie asibane klipu ya grundi kwenye minus ya spika.

Tumia tundu la PRE OUT, RCA mbili kwenda kwenye RCA za sabufa, basi, voliumu ya Yamaha itaiongoza sabufa pamoja na spika. R3 zenyewe KEF wanaziandikia kuanzia Hz 58, kwa hiyo kata sabufa kwenye 55 au 60, voliumu yake anzia sifuri upandishe taratibu na muziki wenye besi ya gitaa mpaka uanze kuisikia ilipo, halafu rudisha nyuma kidogo. Ukiona besi inapungua badala ya kuongezeka geuza ile swichi ya fezi nyuma ya sabufa.